Barua ya wazi kwa wakubwa wa ziwa Kivu: bidoni ya njano si boya

Kwenu wakubwa wenye dhamana ya usafiri wa ziwani, mlioko Goma, Bukavu na kokote mnakokaa,

Heshima kwenu. Sikuandika jina la mtu juu ya barua hii, na msinielewe vibaya. Huku kwetu viti hubaki na wanaovikalia hubadilika, mara nyingine kabla wino haujakauka. Kwa hiyo nakiandikia kiti. Yeyote atakayeikuta barua mezani, ni yake.

Mimi ni kapiteni wa boti ya mbao yenye motere moja. Natoka Kituku, bandari ndogo ya Goma, alfajiri kwenda kisiwa cha Idjwi, narudi na mananasi, maharage, mbuzi na watu. Kila baada ya ajali huitwa mkutano, na kwenye kila mkutano husimama mtu akasema ziwa liwekewe maboya. Watu hupiga makofi, fanta zinagawiwa, tunarudi nyumbani. Mimi nakubaliana na mtu huyo. Ninachoogopa ni siku maboya yatakapokuja kweli, yashushwe kwenye lori yakiwa mapya yanang'aa, yatiwe majini mbele ya kamera, halafu kati yetu tunaopita pale usiku wasipatikane hata watano wanaojua yanasema nini.

Nianze na bidoni. Ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi, ile saa ya jioni ambapo vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hufanya maji na anga kuwa kitu kimoja. Nilikuwa na watu ishirini na watatu na mbuzi wanne. Mbele ya rasi moja upande wa Idjwi nikaona bidoni ya njano inaelea, ile ya lita ishirini ya mafuta ya kupikia, shingoni ina kamba. Kwangu mimi bidoni ya njano ni wavu. Nikakata usukani kuelekea ufukweni nisije nikachana wavu wa watu. Dakika haikuisha, tumbo la boti likalia. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama wa mtu anayekwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko cha chuma. Ubao wa tatu kutoka chini ukapasuka, maji yakaanza kupanda kwenye vifundo vya miguu, na mama mmoja aliyepakata beseni la sambaza, wale samaki wetu wadogo, akalimwaga lote ziwani bila kuambiwa na mtu, akaanza kuteka maji na kuyatupa nje. Tulifika. Mpaka leo yule mama akipanda boti yangu simtozi nauli, ingawa sambaza zake sikuzilipa zote.

Chini pale palikuwa na mzoga wa boti iliyozama. Na ile bidoni haikuwa na wavu. Wavuvi sita wa kijiji cha jirani waliifunga juu ya mzoga ili kuonyana: usipite upande wa ufukwe. Walifanya jambo jema. Alama ilikuwapo, niliiona, tena niliisoma; ila ilikuwa kwa lugha ya watu sita.

Kesho yake nilikwenda kutoa taarifa kwenye ofisi moja mjini, sitaitaja. Kijana aliyekuwa mezani akaniuliza mzoga ni wa nani. Nikasema sijui. Akasema basi mwenye mzoga ndiye aje. Nikamwambia, "Shefu, labda mwenyewe alizama nao." Akaangalia simu yake. Mvua za mwezi wa kumi na mbili zilikata ile kamba. Bidoni imekwenda, mzoga uko palepale.

Msidhani haya ni ya ziwa la maskini tu. Tarehe 14 Desemba 2002, katika mlangobahari kati ya Uingereza na Ufaransa, meli iitwayo Tricolor, imepakia karibu magari 3000, iligongwa na meli nyingine kwenye ukungu, ikalala ubavu ndani ya maji. Mabaharia wote waliokolewa. Mahali pale pakawekewa alama, meli za ulinzi zikasimama, redio zikatangaza. Siku mbili baadaye meli ya pili, Nicola, ikaupanda mzoga ule ule. Tarehe 1 Januari 2003 ikaja ya tatu, Vicky, nayo imebeba mafuta, ikaupanda tena. Hao ni watu wenye rada, wenye ramani, wenye mabosi wanaolipwa kwa wakati. Baada ya hapo shirika la kimataifa la alama za baharini, IALA, lenye makao yake karibu na Paris, likakubali kwamba mzoga mpya hauwezi kungoja ramani mpya ichapwe. Mwaka 2006 likaleta boya la dharura: mistari ya wima ya bluu na njano, kichwani msalaba wa njano uliosimama wima, na usiku taa mbili zinapokezana, bluu, njano, bluu, njano. Hakuna boya jingine linalowaka bluu. Ukiona rangi hizo mbili zikipokezana, punguza mwendo, kaa mbali, na usijifanye mjuaji hata kama njia hiyo umeipita tangu utoto, maana kilicho chini kimelala hapo juzi au jana.

Ombi langu la kwanza, na kama mtatimiza moja tu basi liwe hili: mzoga ukipatikana, siku ile ile uwekewe alama ambayo si bidoni. Habari za mwenyewe ni nani zifuate nyuma, polepole, na karatasi zake.

Mimi mambo ya maboya niliyajua kwa bahati. Mwaka 2004 nilifika Mombasa nikiwa tandiboi wa lori lililobeba mizigo ya Goma. Lori likavunjika giaboksi, mwenye lori akapotea, nikabaki. Nikapata kazi kwenye boti ndogo ya kupeleka vibarua kwenye meli zilizotia nanga. Nahodha wetu alikuwa mzee wa Lamu, mfupi, asiyevaa viatu. Wiki ya kwanza nilifunga kamba ya boti kwenye boya la kijani ili tupumzike tule. Akanipiga kofi la mkononi. "Huyo si ng'ombe, mjukuu wangu," akasema. "Ukimvuta kidogo leo na kidogo kesho atahama mahali pake, na meli ya watu itakuja kumuuliza njia."

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba boya husomwa kwa vitu vinne: rangi, umbo la mwili, alama iliyo kichwani, na usiku taa, yaani rangi ya taa na mdundo wake. Kimoja kikikuficha, uliza kingine. Jua likishatua, nyekundu machoni inageuka nyeusi, na kijani nayo inapoteza rangi yake. Tena wapo wanaume wanaoona mbali kama mwewe lakini nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja, na wengine hawajijui. Umbo halitegemei rangi. Boya jekundu la ukingo wa mkondo limekatwa bapa juu, kama kopo la maziwa ya unga. La kijani limechongoka kama paa la msonge.

Kuingia bandarini kutoka baharini, kopo jekundu liwe kushoto kwako na msonge wa kijani kulia. Kutoka ni kinyume. Nilikuwa nasahau kila siku, mpaka nilipojitungia ya kwetu: sombe, yaani majani ya muhogo, ni kijani, na sombe tunaila kwa mkono wa kulia. Tangu hapo sikukosea tena Kilindini. (Mkienda Marekani, Japani, Korea au Ufilipino, sombe inahamia mkono wa kushoto; huko wamegeuza. Lakini kabla ya hapo ilikuwa balaa zaidi, maana katika miaka ya 1970 dunia ilikuwa na mifumo ya maboya zaidi ya 30. Mwaka 1980 nchi zikakubaliana kubaki na miwili tu, eneo A na eneo B. Afrika tuko A.)

Sasa hapa naomba mkae vizuri. Baharini "kuingia" kunaeleweka: unatoka kwenye maji makubwa, unaingia bandarini. Mtoni mtu anapanda au anashuka. Ziwani je? Nikitoka Goma kwenda Bukavu, ninaingia au ninatoka? Nikipita kati ya Idjwi na Kalehe, nyekundu iwe upande wa kisiwa au upande wa nchi kavu? Hakuna jibu mpaka mwenye mamlaka aamue, mshale uchorwe kwenye ramani, na watu watangaziwe. Na ziwa hili lina kingo mbili zenye serikali mbili, magharibi Congo na mashariki Rwanda. Magharibi mkiamua kwamba kuingia ni kwenda kaskazini, na mashariki wakaamua kwamba kuingia ni kwenda kusini, kopo jekundu lile lile litampitisha mmoja na kumpasua mwingine. Najua hali ilivyo. Sikuwaambia mpendane. Nasema watu wawili wenye ramani wakutane siku moja, hata kama ni juu ya boti katikati ya maji, waseme mshale unaelekea wapi, kila mtu arudi kwake.

Kama hilo ni gumu, ipo njia nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo inayolifaa ziwa letu: maboya ya pande nne za dunia. Haya hayakuulizi unatoka wapi. Yamepakwa nyeusi na njano, na kichwani yana koni mbili nyeusi, moja juu ya nyingine. Koni zote zikitazama juu, ni boya la kaskazini. Zote zikitazama chini, ni la kusini. Hapo hata mtoto anaelewa. Mashariki na magharibi ndiko watu wenye vyeti vyao huchanganyikiwa. La mashariki, koni zimekutana vitako, ncha moja juu na nyingine chini: ukiwa mbali unaona yai. La magharibi zimekutana ncha kwa ncha: unaona kiuno cha mama aliyekaza kitenge. Vijana wangu nawaambia hivi: asubuhi jua linaanguliwa kwenye yai, jioni mama anakaza kitenge arudi nyumbani. Wanacheka, hawasahau. Na rangi msizikariri, zifuateni ncha, kwani ncha huonyesha weusi ulipo. Zikitazama juu, nyeusi iko juu ya njano. Zikitazama chini, nyeusi iko chini. Kwenye yai ncha ziko juu na chini, nayo nyeusi iko juu na chini, njano katikati. Kwenye kiuno ncha zimekutana katikati, na nyeusi imekaa katikati kama mkanda.

Maana yake ndiyo inayohitaji kurudiwa mpaka watu wachoke. Boya la kaskazini halisemi hatari iko kaskazini. Linasema: nipite kaskazini yangu, kilicho kibaya kiko kusini yangu. Niliwauliza wenzangu kadhaa Kituku, watu waliozaliwa kwenye mtumbwi, mkiliona hili mtapita wapi? Wengi walinijibu kusini, "kwa sababu limeandikwa kaskazini, basi kaskazini ndiko kubaya." Ukifikiri hivyo umeenda juu ya jiwe moja kwa moja, tena kwa ujasiri wa mtu aliyesoma alama.

Uzuri ni kwamba kaskazini yetu haijifichi. Kwingine baharia huinama kutafuta dira. Sisi tukitoka Idjwi usiku wa wazi, Nyiragongo iko mbele yetu, na mlima ukiwa na moto wake, mawingu ya juu yanakuwa mekundu. Si kaskazini kamili, mlima umeegemea mashariki kidogo, na dira lazima iwepo botini. Lakini hakuna mtoto wa ziwa hili asiyejua mlima uko upande gani. Na mlima huo ndio ulioongeza kazi: lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikaingia majini, ikaacha miamba myeusi ambayo kiangazi unaiona na masika unaikalia bila kujua.

Kwa kuwa ziwa letu ni refu kwenda chini, karibu mita 480 pale penye kina kikubwa, huko katikati hatuhitaji boya na wala hakuna mnyororo wa kulifunga. Kazi iko pembeni: kwenye rasi za Idjwi, kwenye ghuba, kwenye milango ya bandari, na kule Bukavu ambako rasi tano zimeingia majini kama vidole na boti zinapishana katikati yake. Mkianza na sehemu hizo chache mtakuwa mmetusaidia kuliko mkinyunyiza maboya kila mahali kwa ajili ya picha.

Niseme habari ya usiku, maana mchana hata mimi naweza kuliona jiwe. Najua usiku mara nyingi tunakatazwa. Lakini motere hufa saa kumi jioni bila kuuliza amri, na ukishaitengeneza giza limeshakukuta. Maboya ya pande nne yote yana taa nyeupe. Hutofautiana kwa hesabu tu. La kaskazini linakonyeza mfululizo bila kupumua. La mashariki linakonyeza mara tatu, linanyamaza. La kusini mara sita, kisha linafungua jicho mara moja kwa muda mrefu. La magharibi mara tisa. Waliobuni waliangalia uso wa saa: kulia kuna 3, chini 6, kushoto 9, na juu ni kaskazini. Ni fundisho zuri sana kwa Mzungu.

Siku moja kijana wangu wa botini, ana akili kuliko mimi, alikuja na karatasi ya mafunzo iliyogeuzwa haraka haraka kutoka Kifaransa. Imeandikwa: boya la mashariki ni kama saa tatu, la kusini kama saa sita, la magharibi kama saa tisa. Akaangalia saa ya mkononi, akafikiri, akaniambia kwa uhakika kabisa: "Papa, basi la mashariki liko kushoto." Nikamwambia si kweli. Akanionyesha. Saa tatu asubuhi, ile ambayo watoto wameshaingia darasani, mshale mfupi uko wapi? Kwenye 9, kushoto, magharibi. Saa sita mchana uko wapi? Juu kabisa, kaskazini. Jaribuni wenyewe hapo mezani. Boya la kusini limepelekwa kaskazini na la mashariki limepelekwa magharibi. Dunia nzima imesimama kwa kichwa, na kila neno la karatasi lilikuwa Kiswahili safi. Kijana hakukosea. Aliyegeuza ile karatasi hakuwaza kwamba Mswahili huhesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Ingetosha kuandika "namba iliyochorwa kwenye uso wa saa" na kuliacha neno saa tatu lipumzike.

Ndiyo maana naomba, kabla ya pesa ya maboya haijatoka, itoke pesa ndogo ya kuandika mafunzo kwa Kiswahili chetu, na wanaoyaandika wakae na wavuvi na makapiteni wawasomee kwa sauti. Tukicheka mahali pasipostahili kicheko, wajue pamekosewa. Na Mashi na Kihavu visiachwe nyuma, maana kuna wazee wa Idjwi ambao Kiswahili kwao ni lugha ya sokoni.

Kuhesabu penyewe ni ufundi. Usiku ziwa letu ni mji. Mitumbwi ya sambaza, mitatu mitatu imeunganishwa na ile miti mirefu, taa zinaning'inia kuita samaki, nyeupe kila upande unaogeuka. Wimbi likipita mbele ya taa ya mvuvi, nayo inaonekana inakonyeza. Sisi tunafanya hivi: napunguza motere mpaka boti inasogea tu, mmoja anasimama omo na saa yake, anahesabu kwa sauti na mimi nasikia. Mzunguko mzima wa boya hauzidi sekunde 15, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbilia. Anahesabu mara tatu. Tatu, tatu, tatu: ni la mashariki, napita mashariki yake. Tano, mbili, saba: huyo ni mvuvi na mawimbi, tunampita kwa heshima zake. Sita, sita, halafu nane: wimbi limekula kitu, tunaanza upya. Abiria hunung'unika kwamba tunachelewa. Waache wanung'unike.

Mengine nayapitia haraka. Jeusi lenye mkanda mwekundu na mipira miwili myeusi kichwani limekaa juu ya hatari yenyewe, na maji yanayolizunguka yanapitika. Usiku linakonyeza mbili mbili, kama mipira yake. Lenye mistari ya wima nyekundu na nyeupe, na mpira mmoja mwekundu, linasema maji ni salama pande zote. Na njano tupu yenye alama ya X kichwani ni ya mambo maalumu: bomba, kebo, eneo la kazi.

Hiyo njano ndiyo inayonirudisha kwenye bidoni. Mbele ya Karongi, upande wa Rwanda, kuna jukwaa linalovuta gesi ya methani chini ya ziwa, na gesi hiyo huzalisha umeme huko nchi kavu tangu 2016. Siku nasi tutakapovuta yetu, mabomba yatahitaji njano. Lakini njano ziwani imeshachukuliwa: ni wavu, ni mzoga, ni mtego wa ndagala, ni bidoni tu iliyomponyoka mtoto aliyekwenda kuteka maji. Wapeni wavuvi rangi nyeupe wapake bidoni zao, au kijibendera, chochote mtakachokubaliana nao. Ila muwaite mezani kabla ya kuwaandikia faini. Wao ndio wanaojua kila jiwe, na bila wao boya lenu halitamaliza mwezi.

Hapo niwe mkweli kuhusu ndugu zangu. Boya lina taa, taa ina betri na sola, na sola huku kwetu inachaji simu na kuwasha televisheni. Mnyororo nao ni chuma, na chuma kina bei. Mkileta maboya bila mlinzi, yataibwa. Mkimpa kila boya mvuvi wa kijiji cha karibu, alipwe kitu kila mwezi kulifuta mavi ya ndege, kutazama taa na kupiga simu likihama, litakaa. Namba ya simu iandikwe kwenye boya lenyewe, na kuwe na mtu wa kuipokea hata Jumapili. Kwa sababu mnyororo ukikatika, boya linatembea, na linatembea likiwa limevaa sare yake yote: rangi, koni, taa. Yule mzee wa Lamu hakuliamini boya lolote mpaka alilinganishe na kitu kisichoelea, mnara, kanisa, rasi. Wala hakulipita karibu, maana linazunguka kwa urefu wa mnyororo wake, na chini yake ndiko kuna ile hatari. Hayo nayo yawemo kwenye mafunzo.

Msiniambie nchi haina mafundi. Régie des Voies Fluviales, shirika la serikali la njia za mito, wanaweka alama kwenye mto Congo na Kasai. Kule chini, kati ya Banana na Matadi, wapo wenzao wa shirika jingine: mchanga unahama, nao wanayahamisha maboya kuufuata. Leteni wawili wakae nasi mwezi mmoja. Tutawalisha sambaza.

Sitaki pia mtu atumie barua yangu kuficha mengine. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na Kituku, watu wanaitazama kutoka ufukweni. Barabara ya kupitia Sake ilikuwa imekatwa na vita tangu mwanzo wa mwaka ule, na watu hawakuwa na njia ila maji. Hakuna boya ambalo lingeizuia; ilibeba watu kupita uwezo wake. Aprili 2019 huko Kalehe tulilia hivyo hivyo, amri ya jaketi za kuokolea ikatolewa, na hadi leo ninawaona abiria wanaozikalia kama mito. Kazi ya kuhesabu watu gatini ni yenu, na haihitaji mkopo kutoka nje.

Nami nina la kwangu la kukiri. Ule mzoga nilioupiga, niliutafuta tena kiangazi kilichofuata, nikaufungia bidoni nyingine. Ya njano. Sikuwa na rangi nyingine.

Njooni mpande boti yangu jioni moja, mmoja wenu au wawili, bila msafara. Tutaondoka Kituku saa kumi na moja, twende mpaka kwenye rasi ile, tungoje giza, niwaonyeshe taa zilizopo na mniambie ipi ni ya nini. Jaketi za kuokolea zipo, mbili nimezinunua mpya. Nauli sitawatoza, mafuta ya motere tutachangia.

Wenu,
kapiteni wa boti ya Idjwi, Kituku, Goma